Moyale–Harar–Djibouti au Dakar–Chinguetti: ipi inafaa mfuko mwembamba?

Migombani_Moshi: Wakuu, habari za jioni. Mimi na mwenzangu tunajipanga kusafiri Desemba hadi Januari. Tunataka tuanzie kwenye migomba na mvua, tuishie jangwani, na katikati tupite kwa watu wa lugha na vyakula tofauti, kwa barabara kadiri inavyowezekana. Tumebaki na njia mbili. Ya kwanza: Nairobi, Isiolo, Marsabit, Moyale, Addis, Harar, Djibouti. Ya pili: ndege hadi Dakar, tushuke Casamance kusini mwa Senegal, kisha tupande Saint-Louis, tuvuke mto Senegal tuingie Mauritania hadi Atar na Chinguetti. Bajeti ni ya mwalimu, si ya mbunge. Aliyepita huko atupe mwanga.

Bint_Isiolo: Karibuni kwetu kwanza. Isiolo hadi Moyale ni lami tupu, kama kilomita 500. Zile hadithi za kukaa juu ya lori la ng'ombe siku nzima mkila vumbi zimepitwa na wakati. Sasa kuna mabasi, ingawa vizuizi vya polisi ni vingi, kwa hiyo pasipoti iwe mfukoni, si ndani ya begi kule buti.

Watu wengi husinzia njia nzima na hilo ndilo kosa. Ukitoka Isiolo uko na Wasamburu, ukifika Laisamis ni Warendille, kisha ghafla gari linapanda mlima na unaingia Marsabit: ukungu, msitu, baridi ya kuvaa sweta. Ukishuka upande wa pili ni Dida Galgalu, mawe meusi mpaka macho yachoke, hakuna mti. Yote hayo ndani ya siku moja. Na kabla hamjaondoka Isiolo, kunyweni chai ya maziwa ya ngamia. Ina ladha ya moshi kwa sababu vyombo hufukizwa kwa kuni kabla ya kutiwa maziwa. Asiyeizoea hukunja uso kikombe cha kwanza, cha pili anaagiza mwenyewe.

Utingo_Mstaafu: Bint Isiolo kasema kweli kwa upande wa Kenya. Mimi niongeze ng'ambo ya Moyale.

Kwanza, magari yanahamia kulia. Angalieni mnapovuka barabara, msije mkagongwa siku ya kwanza. Pili, saa yao ni kama yetu: saa mbili asubuhi ni saa mbili asubuhi, inahesabiwa tangu kuche. Mzungu huchanganyikiwa, Mswahili yuko nyumbani. Ila tiketi nyingine huandikwa kwa saa ya kimataifa, kwa hiyo ulizeni kila mara. Kalenda nayo ni yao, iko nyuma yetu miaka saba au minane.

Tatu, mwezi mliochagua. Waorthodoksi wanafunga kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Krismasi yao ya Januari 7. Nyama, maziwa na mayai vinapotea kwenye migahawa mingi. Mtakula injera, ule mkate wao laini mpana, na shiro, mchuzi mzito wa unga wa kunde, dengu na mboga, sahani moja kubwa yenye rangi kama kanga. Kwangu mimi ndicho chakula bora cha Ethiopia na ni rahisi kwa bei. Mkikosa uvumilivu, mkifika Dire Dawa au Harar kuna migahawa ya Waislamu, nyama tele.

La nne si la mzaha. Barabara za Oromia, jimbo mtakalopita mkitoka Moyale, zimekuwa na visa vya utekaji wa abiria. Msisafiri usiku, na mkifika Moyale waulizeni madereva wa siku hiyo, si watu wa mtandaoni, mimi nikiwemo. Wakisema hapana, tafuteni ndege ya ndani.

Mtanga_Dakar: Naona njia ya pili haina mtetezi. Niko huku kikazi.

Utofauti mnaoutaka upo wa kutosha. Casamance ni mpunga, mikoko na Wadiola. Ukipanda kaskazini unapita Gambia, na tangu daraja la Farafenni lifunguliwe mwaka 2019 ile foleni ya kivuko imebaki simulizi. Kisha Wawolofu, Wafulani kandokando ya mto, na ng'ambo ni Wamoor wenye Kiarabu chao cha Hassaniya. Saint-Louis ina sahani ya wali na samaki mnayokula mkiizunguka, kila mtu na upande wake. Ukichokoa upande wa jirani utaonekana huna adabu, sawasawa na kwenye sinia la kwetu.

Kuvuka: epukeni Rosso, vishoka ni wengi mno. Piteni Diama, hasa kiangazi kama mtakapokuja. Viza ya Mauritania mnaomba mtandaoni kabla, ndivyo ilivyo tangu Januari 2025. Chinguetti yenyewe ni mchanga unaobisha hodi milangoni na maktaba za familia zenye miswada ya kale. Chai wanatoa glasi tatu, na kuondoka baada ya ya kwanza si ustaarabu.

Shida ni Kifaransa. Bila hicho mtakuwa mabubu.

Hesabu_Kali: Mnasifia mandhari, hakuna anayetaja pesa. Nauli ya ndege kwenda Dakar tu, kwa watu wawili, inaweza kuwalisha njia nzima ya Moyale. Hapo mjadala wa mwalimu umekwisha.

Ila msiamini bei mnazosoma kwenye mada za zamani. Ethiopia iliachia sarafu yake, birr, ielee sokoni Julai 2024 na ikaporomoka, bei zote zikabadilika. Djibouti ni kinyume: faranga yao imefungwa kwa dola tangu 1949, na kila kitu ni ghali, hata chumba cha hovyo chenye feni inayolalamika. Shauri langu: Djibouti iwe ya siku chache, mtafute wenzenu wa kuchangia gari la kwenda Ziwa Assal. Lipo mita 155 chini ya usawa wa bahari, hakuna pa chini zaidi Afrika. Basi, mgeuze.

Bint_Isiolo: Au msivuke mpaka kabisa. Laisamis, South Horr, Loiyangalani, kisha Kalacha ukingoni mwa jangwa la Chalbi. Jangwa, ziwa, Waelmolo, Waturkana, Wagabra. Pasipoti ileile, shilingi ileile.

Utingo_Mstaafu: Dada, huko usafiri wa umma ni wa kubahatisha. Mtu anaweza kungoja lori hadi likizo imwishie.

Migombani_Moshi: Asanteni sana. Tunakwenda na Moyale, Harar tukae zaidi, Djibouti tuguse. Dakar tutaanza kusomea Kifaransa. Swali: treni ya Addis hadi Djibouti inabeba abiria kweli?

Utingo_Mstaafu: Inabeba tangu 2018, ni ya umeme. Stesheni ya Addis iko nje ya mji, msiende dakika za mwisho. Shukeni Dire Dawa, pandeni kigari hadi Harar, kule juu kuna baridi nzuri, mkawaone wanaolisha fisi usiku nje ya ukuta wa mji wa kale. Halafu mrudi Dire Dawa mdake treni ya kuteremka. Tiketi ni kwa pasipoti. Na kadi ya njano ya chanjo msiisahau Moshi.

Hesabu_Kali: Na dola ziwe noti mpya, zisizo na mikunjo.