Mjadala: Jina Libaki, Mwenye Jina Abadilishwe? Kisa cha Kaunti ya Johnson

Mwezi Juni 2021, wasimamizi watano wa Kaunti ya Johnson katika jimbo la Iowa, Marekani, walikubaliana kwa kauli moja kwamba kaunti yao iendelee kuitwa Johnson, ila Johnson anayeenziwa awe mtu mwingine. Aliyeondolewa ni Richard Mentor Johnson wa Kentucky, makamu wa rais wa Marekani kuanzia 1837 hadi 1841. Aliyewekwa mahali pake ni Dkt. Lulu Merle Johnson, mzaliwa wa Iowa, ambaye mwaka 1941 alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu katika jimbo hilo. Katika jina lenyewe haikuguswa hata herufi moja. Mimi ni mkazi wa kaunti hii na naunga mkono uamuzi ule. Nimeutetea mara nyingi kwenye misiba, harusi na mazungumzo ya baada ya ibada, mahali ambapo mtu hapati nafasi ya kupanga hoja zake hadi mwisho, na ndiyo maana naufungua mjadala huu kwa maandishi. Walio upande wa pili nawaomba wanijibu hoja kwa hoja.

Nianze na aliyeondolewa. Kaunti iliundwa mwaka 1837, mwaka uleule Richard Johnson aliposhika umakamu wa rais chini ya Martin Van Buren, na desturi ya wakati huo ilikuwa kuzipa kaunti mpya majina ya wakubwa wa Washington. Hakuwa mkazi wa Iowa. Sifa yake kubwa kwa wapiga kura ilikuwa kwamba ndiye aliyemuua Tecumseh, kiongozi wa Washawnee, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani, katika mapigano ya mto Thames wa Kanada mwaka 1813, na sifa hiyo aliifanyia kampeni. Alimiliki watumwa. Mmoja wao, Julia Chinn, aliishi naye kama mke, akazaa naye mabinti wawili na kumsimamia shamba kila alipokuwa Washington, lakini Julia alikufa kwa kipindupindu mwaka 1833 akiwa bado mtumwa kisheria. Wapo wanaomtetea Richard kwa kusema kwamba angalau hakumficha Julia, tena ni kweli kwamba wajumbe wa Virginia walikataa kumpigia kura ya umakamu kwa sababu ya uhusiano huo, hadi Seneti ikalazimika kumchagua yenyewe. Lakini mtu mwenye uwezo wa kumwandikia mama wa watoto wake hati ya uhuru, akakaa miaka yote bila kuiandika, kutomficha kwake hakukumfungulia mlango wowote wa kisheria mwanamke yule.

Lulu Johnson alizaliwa mwaka 1907 katika mji mdogo wa Gravity, akasoma katika chuo kikuu kilichopo hapa Iowa City, makao makuu ya kaunti, katika miaka ambayo mwanafunzi Mweusi alilipa ada kama wenzake lakini hakuruhusiwa kulala katika mabweni ya chuo. Mabweni hayo yalifunguliwa kwa Weusi mwaka 1946, miaka mitano baada ya yeye kuhitimu uzamivu wake wa historia. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliitumia kufundisha katika vyuo vya Watu Weusi mbali na hapa, kikiwamo Cheyney cha Pennsylvania, na alifariki mwaka 1995. Kwa hiyo huyu hakuokotwa kwenye orodha ya watu maarufu wa taifa. Alipita katika mitaa hii tunayopita sisi, akitafuta chumba cha kupanga kwa sababu mlango wa bweni ulifungwa kwa rangi yake.

Hoja nzito kuliko zote nilizopata kuisikia dhidi ya uamuzi huu ilitoka kwa jirani yetu mmoja, mama mtu mzima kutoka Uvira. Kaunti hii ina Wakongo wengi, na Kiswahili ni lugha utakayoisikia dukani na kwenye vituo vya basi. Alisema hivi, nami nayaandika maneno yake karibu kama alivyoyatamka: kwetu mtoto akipewa jina la mtu, yule mtu huambiwa, na mtoto huletwa amwone ndoyi wake, ninyi mmempa marehemu kaunti nzima bila kubadilisha hata kibao kimoja, sasa yeye atajuaje kwamba ameitwa? Sisi wa pwani tunasema somo, Watanzania wengi siku hizi wanasema wajina, yeye anasema ndoyi, na sote tunaelewana. Watu wawili kuchangia jina ni uhusiano, tena una wajibu wake. Somo wa bibi huletewa kanga na bibi yake, huulizwa habari zake kila siku ya Mungu, na akikosea huambiwa analitia aibu jina la mwenzake. Jina lililohamishwa kutoka kwa Johnson mmoja kwenda kwa mwingine kwa karatasi ya kikao peke yake halijafika huko.

Naikubali hoja hiyo kwa nusu, na nusu hiyo nitairudia. Nusu nisiyoikubali ni pale inapodhani kwamba jina Johnson lilikuwa la Richard, kisha likachukuliwa. Maana ya Johnson ni mwana wa John, kama sisi tunavyosema bin Yahya, na kwa sensa ya mwaka 2010 lilikuwa jina la ukoo la pili kwa wingi Marekani baada ya Smith, likiwa na watu zaidi ya 1,900,000. Takriban theluthi yao ni Weusi. Wengi wa wazee wao walipoachwa huru mwaka 1865 waliandikishwa kwa majina ya mabwana zao wa zamani au kwa majina ya kawaida yaliyokuwa yakitumika pande zile, na tangu hapo wakalibeba jina hilo kwa jasho lao wenyewe. Katherine Johnson, aliyepiga hesabu za safari za anga za kina John Glenn, alikuwa Johnson. Lyndon Johnson, aliyetia saini Sheria ya Haki za Kiraia mwaka 1964, alikuwa Johnson, na kituo kikubwa cha safari za anga kule Houston kina jina la huyo rais, ingawa mgeni akiambiwa kina jina la Katherine ataamini mara moja. Kaunti zinazoitwa Johnson nchini humo ni 12, na hazikupewa jina hilo kwa heshima ya mtu mmoja: ya Kansas ni ya mmisionari, ya Georgia ni ya gavana, na tano kati yake, pamoja na hii yetu, zilipewa kwa heshima ya Richard. Jina la namna hii linafanana na kisima cha kijiji. Mtu mmoja hawezi kulidai.

Sasa nije kwenye kisa kinachonipa shida, maana bila kukijibu hoja yangu haisimami. Huko North Carolina kuna kambi kubwa ya jeshi iliyoitwa Fort Bragg kwa heshima ya Braxton Bragg, jenerali wa majimbo ya kusini yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Bunge la Marekani liliagiza kwa sheria kwamba majina ya watu wa upande huo yaondolewe kwenye kambi za jeshi, na mwaka 2023 kambi hiyo ikawa Fort Liberty. Februari 2025, Waziri wa Ulinzi Pete Hegseth akairudishia jina la Bragg, ila akaeleza kuwa sasa anayeenziwa ni Roland Bragg, askari wa cheo cha chini aliyepata nishani ya Silver Star katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka huohuo njia hiyo ilitumika kwa kambi nyingine. Fort Lee, iliyokuwa ya Robert E. Lee, jenerali mkuu wa majimbo yaleyale ya kusini, ilirudi, safari hii kwa Fitz Lee, askari Mweusi wa vita vya Marekani na Uhispania kule Kuba. Fort Gordon, iliyokuwa ya jenerali mwingine wa kusini, ilirudi kwa Gary Gordon, askari aliyeuawa Mogadishu mwaka 1993. Wanaonipinga wananiuliza: kama kubadilisha mwenye jina ni halali Iowa, kwa nini iwe hila North Carolina?

Nimelitafakari swali hili kwa muda mrefu, na jibu langu ni kwamba tutazame kwanza ni nani aliyekusudiwa kuondoka. Iowa, Richard Johnson alitajwa hadharani, matendo yake yakasomwa kikaoni, na wakazi wakaambiwa waziwazi kwamba hatakiwi tena. Lulu akapewa kiti hicho kilichoachwa wazi. Kwenye kambi ile kiti kilikwisha kuwa wazi tangu 2023, na Braxton alikwisha kuondoka. Kilichotafutwa ni neno lenyewe lirudi mdomoni, na waziri alitangaza siku ile kwamba Bragg amerudi. Mtu harudi mahali ambapo hajawahi kuwapo. Roland Bragg hakuwahi kuwa jina la kambi ile, kwa hiyo anayerudi ni mwingine. Inaniuma kwa sababu ya Roland mwenyewe, mtu aliyeihatarisha roho yake kweli katika baridi ya Ulaya, kwamba ushujaa wake umetumiwa kama pazia la kufunika jina la mwingine. Fitz Lee naye alistahili kambi aliyopewa kwa ajili yake, siyo kwa sababu tu ukoo wake unatamkwa sawa na wa Robert E. Lee.

Kipimo hicho kina gharama kwa upande wangu pia, na hapa ndipo narudi kwa yule mama wa Uvira. Kama tofauti kati ya haki na hila ni nia, basi nia lazima ionekane, maana mpita njia hasomi kumbukumbu za kikao. Pleti namba za magari ya Iowa huandikwa jina la kaunti sehemu ya chini. Yangu ina neno JOHNSON, kama ilivyokuwa kwa gari la aliyeishi hapa mwaka 1990. Binti yangu wa miaka tisa aliinama siku moja kwenye maegesho, akafuta theluji kwa glavu yake, akalisoma jina hilo, akaniuliza kama ndiyo kampuni iliyotengeneza gari. Nilimsimulia habari za Lulu palepale tukiwa tumesimama kwenye barafu. Ilinibidi nimsimulie mimi, kwa sababu hakuna kitu chochote katika kibati kile kilichoweza kumsimulia.

Mfano wa kufuata upo, nao ni King County katika jimbo la Washington, yenye jiji la Seattle. Ilipewa jina mwaka 1852 kwa heshima ya William Rufus King, mwanasiasa wa Alabama aliyemiliki watumwa, ambaye alichaguliwa kuwa makamu wa rais mwaka huohuo. Mwaka 1986 baraza la kaunti liliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba King huyo awe Martin Luther King. Kwa karibu miaka 20 uamuzi ule ulikaa bila nguvu kamili, hadi sheria ya jimbo ilipopitishwa mwaka 2005, na hata hapo nembo ya kaunti bado ilikuwa taji la mfalme. Mwaka 2007 taji liliondolewa na sura ya Martin Luther King ikawekwa. Leo sura hiyo ipo kwenye mabasi na kwenye barua za kodi, na mtoto wa Seattle hahitaji baba wa kumsimulia kwenye barafu. Kule Salt Lake City, shule ya msingi ya Jackson ilihamishwa mwaka 2018 kutoka kwa Rais Andrew Jackson kwenda kwa Mary Jackson, mhandisi Mweusi wa NASA, na kwa shule jambo hili ni rahisi zaidi, kwa kuwa walimu wapo na masomo yapo.

Upo pia msimamo wa tatu, nao naupa uzito: kwamba jina Johnson lingefutwa kabisa, kwa sababu aliyedhulumiwa na jina la kwanza hakuwa mtu Mweusi peke yake. Ardhi hii ilikuwa ya wenyeji wa asili, Wasauk na Wameskwaki, na Richard alipanda ngazi akijisifia damu ya Tecumseh. Kumweka Lulu kunajibu suala la utumwa, ila suala la ardhi hakuligusi. Iowa ina kaunti zenye majina ya viongozi wa asili, kama Black Hawk, Keokuk na Poweshiek, kwa hiyo halingekuwa jambo geni. Ningeliunga mkono pendekezo hilo kama Wameskwaki wenyewe, ambao makazi yao yapo katika Kaunti ya Tama, si mbali na hapa, wangelileta. Sipendi sisi wahamiaji au jirani zetu Wazungu tuwachagulie.

Naomba wachangiaji watatu wa aina tatu. Anayesema jina lingebaki na Richard wake, anieleze jambo moja Richard aliloifanyia Iowa. Anayeona Iowa na Fort Bragg ni kitu kimoja, anionyeshe nilipokosea kuhusu nani aliondoka na nani alirudishwa. Na aliye upande wangu, naomba mapendekezo ya vitendo: nembo iweje, kibao kikae wapi, na kama inawezekana kisheria kuongeza neno LULU kwenye pleti kabla ya JOHNSON, nani hapa anajua barua hiyo huandikwa kwa ofisi gani?