Kazi za vikundi kidato cha tatu: wiki (tovuti ambayo wote wanahariri kurasa zake), Google Docs au tubaki na WhatsApp?

Mwalimu_wa_Zamu
Wakuu habari za wikiendi. Nafundisha Historia na Kiswahili, darasa lina watoto 52. Nataka waandike pamoja historia ya kata yetu, kundi moja lishike soko, jingine shule ya msingi ya kwanza, jingine daraja, hivyo hivyo. Mwaka jana nilitumia manila, yaani mwenye mwandiko mzuri kaandika kazi yote wenzake watano wanamshikia rula, halafu chini kuna majina sita. Nikawapa alama sawa wote na mpaka leo inaniuma, maana yule binti nilimdhulumu. Chumba cha kompyuta kina mashine 14 zinazowaka, intaneti ni bando langu mwenyewe la simu, na wanafunzi simu hawaruhusiwi. Nishaurini nitumie kipi.

Binti_Chaki
Google Docs mwalimu, usihangaike. Wanaandika wote kwa wakati mmoja unaona kila mtu anavyochapa, na ukifungua historia ya faili inakuonyesha kwa rangi nani kaongeza nini. Mimi nilikaa nao dakika 40 tu wakawa wameelewa. Ila kila mtoto awe na akaunti yake, ukiwatumia linki waingie bila akaunti wanatokea kwa majina ya wanyama tu, hujui ni nani, na wakishea akaunti moja ndo umerudi kwenye manila yako.

Mwalimu_wa_Zamu
Akaunti 52 kwa bando langu... na wengi hawana hata namba ya simu ya kuthibitishia.

Fundi_wa_Lebo
Kwa hali yako mimi naona DokuWiki, programu ya kuendesha wiki. Haihitaji databesi, kurasa zake ni mafaili ya maandishi ya kawaida, unaweza hata kuibeba kwenye flashi. Mashine moja unaifanya seva, zile 13 unaziunga kwa ruta, intaneti hata tone huhitaji, mtoto anafungua brauza tu. Kila mmoja unamtengenezea jina na nywila, basi kila akisevu jina lake linabaki pale na saa aliyosevu, na toleo la zamani halipotei hata mtu akifuta ukurasa mzima kwa bahati mbaya. Ubaya wake, mmoja akiwa anahariri ukurasa unafungwa kwa wengine, ukiacha ilivyo kufuli linakaa dakika 15 toka alipogusa mara ya mwisho, kwahiyo mtoto akifungua halafu akaenda chooni wenzake wanakaa wanamsubiri. Dawa yake kila kundi lipasue kazi kurasa ndogondogo.

Kaka_Mkoani
Mnamtesa bure mwenzenu, WhatsApp watoto wanaijua tayari. Mimi wangu ni wa kutwa, jioni nyumbani wanatumia simu za wazazi, mmoja anamrekodi babu yake kwa voisi anaitupia kwenye grupu, mwingine anaandika.

Binti_Chaki
Kaka hapo kwenye kurekodi wazee nakuunga mkono kabisa. Ila andiko lenyewe liko wapi? Grupu linashuka tu kama maji, aya ya juzi iko juu ya meseji 300 za "sawa" na "nimeiona", anayekuja kuunganisha mwisho ni mmoja na ndo yule yule mwenye mwandiko mzuri.

Mwl_Mstaafu
Wanangu nimesoma yote, hamjagusa jambo moja. Shida yangu kubwa kwenye wiki haikuwa kompyuta, ilikuwa adabu. Watoto wetu hawagusi sentensi ya mwenzao. Majuma mawili ya kwanza kila mtu alikuwa anabandika aya yake chini ya ya mwenzake, ukurasa ukawa mrefu kama mkeka na hakuna aliyesahihisha hata nukta, nikimuuliza mmoja ananiambia "Mwalimu, hiyo ni ya Asha, nikiifuta atanuna". Ikabidi nikae mbele yao niandike aya mimi, makosa nimeyaacha makusudi, nikawaambia ifuteni. Walisita weee, mpaka kijana mmoja wa nyuma akaja akafuta neno moja, akanigeukia kuniangalia usoni.

Baada ya hapo ndo kazi ikaanza. Kuna binti aliandika mvua za El Niño zilibomoa daraja 1997, mwenzake akabadilisha 1998, ikarudishwa 1997, asubuhi iko 1998 tena. Nikawaambia acheni kubadilisha, nendeni ukurasa wa majadiliano kila mtu aseme kaitoa wapi. Mmoja akaandika "bibi kasema daraja lilienda kabla ya Krismasi". Mwingine, "baba alikuwa anajenga, anasema lilibomoka Januari wamefungua shule". Mvua zile zilianza mwishoni mwa 1997 zikavuka mwaka, kwahiyo wote walikuwa na pa kusimamia. Walichoandika mwishoni ni kwamba daraja lilianza kumeguka Desemba likaanguka lote Januari, na sentensi hiyo moja ina mikono ya watoto wanne. Niliisahihisha nikiwa natabasamu.

Mwalimu_wa_Zamu
Shikamoo mzee wangu. Hili la kununa ndo darasa langu lilivyo hasa. Je niwapeleke moja kwa moja Wikipedia ya Kiswahili? Ipo toka 2003 na makala za kata nyingi ni fupi mno.

Mwl_Mstaafu
Marahaba. Usianzie huko. Wikipedia inataka chanzo kilichochapishwa, na maneno ya bibi hayakubaliki, mtoto ataandika jioni asubuhi akute imefutwa, atakata tamaa. Waanzie kwenye wiki yenu ya ndani, kitakachopatikana na chanzo cha kitabu ndo mkipeleke.

Fundi_wa_Lebo
Kweli mzee. Nyongeza, DokuWiki ukiiweka mpya haina ukurasa wa majadiliano, utengeneze mwenyewe pembeni ya kila ukurasa. Na kopi kila Ijumaa kwenye flashi tafadhali, Wikispaces, tovuti ya wiki ya bure waliyokuwa wanatumia walimu wengi duniani ilifungwa 2018 na ambaye hakuhamisha kazi za wanafunzi wake zilienda.

Mwalimu_wa_Zamu
Basi naenda na DokuWiki. Alama nitatoa nusu kwa kundi, nusu kwa kila mtoto kwa kuangalia historia ya ukurasa, aliyerekebisha ya mwenzake apate sawa na aliyeandika mpya. Fundi, hilo kufuli la dakika 15 naweza kulipunguza?

Fundi_wa_Lebo
Ndio, ingia kama admini kwenye mipangilio, lipo kwa sekunde, limeandikwa 900. Weka 300.