TV yenye kamera ndani au kamera ya kubandika juu? Naomba ushauri kabla sijalipa

Kandili
Habari wanajamvi. Nataka TV ya kupigia simu za video. Nimebaki na njia tatu: TV yenye kamera kwenye fremu, kile kifaa kidogo chenye kamera kinachokaa juu ya TV, au kamera ya kuchomeka USB. Dada yangu anapinga zote, anasema ni kuweka mpelelezi ndani ya nyumba. Keshokutwa nalipa. Ipi salama?

Fundi_Waya
Mkuu, umeuliza nusu swali. TV uliyonayo ni ya aina gani? Nyingi zina tundu la USB lakini ni la flashi tu, kamera haziitambui. Na itakaa sebuleni au chumbani?

MamaMapacha
Kabla ya hayo yote, kamera ina kifuniko? Kuizima kwenye mipangilio ni kuiamini programu. Kipande cha plastiki hakidukuliki.

Kobe Mpole
USB. Ukimaliza kuongea unachomoa, unatia kabatini. Tumemaliza.

TauloJeupe
Nilishanunua hicho kifaa kidogo, kilichotumika, kwa mtu. Nikachomeka, kikawaka, nikafurahi. Kina taa ndogo ya kijani pembeni ya lenzi, mimi nikajua ni ya umeme. Kumbe mwenye nacho wa kwanza hakutoa akaunti yake, na alikiweka kipokee simu chenyewe. Siku ya nne nimetoka kuoga, nimekaa kwenye kochi na taulo, mguu juu ya meza nakata kucha. TV ikawaka, mama mmoja mtu mzima kajaa kwenye kioo ananitazama. Tukatazamana. Akauliza, "Wewe ni nani, na mwanangu yuko wapi?" Nikang'oa waya wa umeme na soketi nusura ing'oke nayo.

Fundi_Waya
Pole, lakini kosa lako. Kifaa kilichotumika lazima ukirudishe kama kilivyotoka kiwandani kabla ya kukitumia.

TauloJeupe
Kosa nalijua. Ninachosema ni kwamba kifuniko kingeniokoa.

Msomi wa Jioni
Mnahangaika na kamera tu. Mwaka 2017 Vizio, kampuni ya TV, walilipa dola milioni 2.2 huko Marekani kwa sababu TV zao milioni 11 zilikuwa zinarekodi kila kinachoonyeshwa kwenye kioo, sekunde kwa sekunde, na taarifa zikauzwa. Bila kamera hata moja. Zima kwanza hicho kipengele cha kutambua vipindi.

MamaMapacha
Kujua natazama tamthilia gani si sawa na kuwaona wanangu. Hata FBI, wapelelezi wa Marekani, mwaka 2019 walishauri kama kamera ya TV haizimiki, ubandike utepe mweusi.

Kobe Mpole
Na simu uliyoshika sasa hivi ina kamera ngapi? Umezibandika?

MamaMapacha
Simu yangu hailali imeelekezwa kwenye kochi.

Fundi_Waya
Facebook walikuwa na kifaa cha kukaa juu ya TV, Portal TV, tangu 2019, ina kitufe cha kuzima kamera na maiki pamoja, na kifuniko juu yake. 2022 wakaacha biashara hiyo. Kizuri kwa simu, ila mtengenezaji akikiacha, masahihisho ya usalama utayapata wapi?

Kandili
Samahani, nilisahau kusema. Itakaa chumbani kwa baba, anaishi peke yake. Rimoti inamshinda, ndiyo maana nilitaka ile inayopokea yenyewe.

TauloJeupe
Inayopokea YENYEWE? Umesoma nilichoandika?

MamaMapacha
Kandili, baba mwenyewe umemuuliza?

Kobe Mpole
Basi USB haimfai, nakubali. Atachomoaje.

Msomi wa Jioni
Weka muda maalumu, mathalani jioni tu, na namba yako peke yake ndiyo ipokelewe. Kama kifaa kinaruhusu. Vingine haviruhusu.

Fundi_Waya
Halafu huo utepe msibandike juu ya lenzi moja kwa moja, gundi inabaki. Wekeni karatasi kwanza.

TauloJeupe
Mimi imeshabaki. Inatokaje?

Fundi_Waya
Kitambaa laini, spiriti kidogo. Usikwaruze na kucha.

TauloJeupe
Kucha tena.