Mjadala: Je, Serikali ya Kenya imlipie wakili mwomba hifadhi aliye rumande?

MLETA MADA

Ndugu wasomaji, naleta hoja inayozigusa mahakama za mahakimu zilizo kando ya barabara kuu ya Moyale, Isiolo hadi Nairobi. Huko vijana kutoka Ethiopia hufikishwa kizimbani kwa makundi, wakishtakiwa kuwepo nchini kinyume cha kifungu cha 53 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Adhabu yake yaweza kufika faini ya shilingi 500,000, au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Nauliza: je, Serikali imgharamie wakili kila mshtakiwa wa kosa hili anayesema kwamba alikimbia hatari kwao, tena kabla hajajibu shtaka?

Mimi nasema imgharamie, na sababu yangu kubwa ni mwendo wa kesi zenyewe. Karani husoma shtaka, mkalimani hutafsiri, mshtakiwa hujibu "ni kweli", mwendesha mashtaka hueleza jinsi alivyokamatwa, kisha hukumu hutoka, na shughuli yote huweza kwisha asubuhi moja. Mkalimani aliyepatikana huenda anajua Kiamhari au Kioromo, ilhali kijana ametoka pande za Hosaena na lugha ya nyumbani kwao ni Kihadiya. Wala hajasema uongo, kwa kuwa kweli aliingia bila pasipoti. Lakini hakuna aliyemuuliza aliondoka kwao kwa nini, na yeye hajui kwamba jibu la swali hilo lina uzito wowote mbele ya sheria.

Najua nitakumbushwa kwamba Mahakama Kuu imewatetea wakimbizi mara kadhaa. Ni kweli: Julai 2013, katika shauri la shirika la msaada wa kisheria liitwalo Kituo Cha Sheria, Jaji David Majanja alibatilisha agizo la kuwahamishia makambini wakimbizi wa mijini, Februari 2015 ukafutwa ukomo wa wakimbizi 150,000 uliowekwa na sheria ya usalama, na Februari 2017 Jaji John Mativo akazuia kambi ya wakimbizi ya Dadaab isifungwe. Hukumu hizo nazienzi. Hata hivyo, ziliamua hatima ya watu wengi kwa pamoja, na zilipiganiwa na mawakili waliopata muda wa kujiandaa. Aliye peke yake katika seli ya polisi Isiolo anamaliza kesi yake kabla wakili yeyote hajasikia kwamba amekamatwa.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mleta mada, huruma yako naielewa, ila napinga. Ibara ya 50 ya Katiba inaahidi wakili wa Serikali pale tu ambapo kumkosa kungeleta dhuluma kubwa, na Wakenya wengi walioshtakiwa kwa wizi husimama kizimbani peke yao. Utamwelezaje mama wa mmoja wao kwamba mgeni aliyefika juzi ametangulizwa?

Pili, Ibara ya 31 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 haimkingi na adhabu kila aliyevuka mpaka bila kibali. Inamlinda aliyetoka moja kwa moja kwenye hatari na akajitokeza kwa wenye mamlaka bila kukawia. Kijana aliyefichwa chini ya shehena ya lori, akiwa amemlipa dalali ili afikishwe Afrika Kusini, amejitokeza kwa nani? Na pia tusijifanye tumesahau kwamba watu 67 waliuawa katika shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi, mwaka 2013. Nchi iliyopitia hayo ina haki ya kutaka kumjua mgeni kwanza. Ukiweka utaratibu huu, madalali watamfundisha kila abiria sentensi ya kusema.

MCHANGIAJI WA PILI

Naongeza jambo la utaratibu tu. Tangu uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1973, hakimu anapaswa kuhakikisha shtaka limeelezwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, kisha amsikilize baada ya maelezo ya kosa kusomwa. Akitaja jambo linalopingana na kukiri kwake, iandikwe kwamba amekana. Tungeufuata barabara, nusu ya mjadala huu usingekuwepo.

MLETA MADA

Nashukuru kwa nyongeza hiyo, ingawa aliyejibu kupitia lugha asiyoimudu ni vigumu kutaja jambo la kumwokoa.

Hoja ya Mkenya asiye na wakili ndiyo nzito kuliko zote, na sina jibu la kuiondoa. Ninachoweza kusema ni kwamba kosa la hakimu katika kesi ya wizi hurekebishwa kwa rufaa, ilhali mtu aliyekwisha kurudishwa mikononi mwa waliokuwa wakimwinda hana rufaa ya kukata. Ndiyo maana Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakataza kumrudisha mtu mahali pa hatari. Niko tayari kupunguza dai langu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao si mawakili na gharama yao ni ndogo; nao wangetosha kuanzia, mradi sheria hiyo iseme wazi kwamba anayesubiri uamuzi wa ombi lake la hifadhi naye anahusika.

Kuhusu madalali, watafundisha, sikatai. Lakini sentensi hiyo haimpi mtu hifadhi. Inampeleka tu kuhojiwa na Idara ya Huduma za Wakimbizi, ambayo kazi yake ni kupembua ukweli na uongo. Na kama hofu ni usalama, mahojiano hayo yatatuambia mengi zaidi juu ya mgeni kuliko "ni kweli" iliyoandikwa katika jalada la mahakama. Kwa uchache, hakimu alazimike kumuuliza kila mshtakiwa wa kifungu cha 53, kabla ya shtaka kujibiwa, kama anaogopa kurudi kwao.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Swali la hakimu nalikubali, kwa kuwa halihitaji bajeti. Msaidizi wa kisheria nitamkubali siku atakapowekwa katika kila mahakama ya hakimu na kumhudumia Mkenya na mgeni kwa zamu moja. Wakili wa kulipiwa na Serikali bado nampinga.