Mafuta ya breki yanavuja kwenye kikopo cha breki ya mbele: tatizo ni mfuniko au masta silinda?

Muulizaji

Habari zenu, ndugu zangu. Pikipiki yangu ina breki ya diski mbele, na kikopo cha mafuta ya breki kiko kwenye usukani upande wa kulia, kikiwa kimeungana moja kwa moja na masta silinda, yaani silinda inayosukuma mafuta unapobana leva. Kwa muda sasa nakuta unyevu kwenye ukingo wa mfuniko na chini ya kikopo, na rangi ya tangi la petroli, pale matone yanapoangukia, imeanza kuvimba na kubanduka. Skrubu mbili za mfuniko zimekazwa vizuri, lakini nikipangusa unyevu hurudi. Kiwango kinachoonekana kwenye kidirisha kimeshuka hadi karibu na alama ya chini, ingawa breki bado inashika na leva ni ngumu kama kawaida.

Naomba kujua kama inatosha kubadilisha raba iliyo chini ya mfuniko, au kupaka silikoni ya gasketi, au kama nahitaji masta silinda mpya. Pia, je, ni salama kuendelea kuiendesha wakati nikisubiri vipuri?

Fundi wa Breki

Ndugu muulizaji, nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo la haraka: tafadhali usiiendeshe mpaka ujue mafuta yanatokea wapi. Ugumu wa leva leo si ushahidi kwamba itakuwa ngumu kesho. Mafuta yakishuka chini ya tundu linalolisha masta silinda, pistoni huvuta hewa, na kwa kuwa hewa hubanwa kirahisi, leva hufika hadi kwenye mshiko huku pikipiki ikiendelea kwenda.

Kuhusu chanzo, ni muhimu kuelewa kwamba kikopo chenyewe hakina presha. Mfuniko una mfereji mwembamba unaopitisha hewa juu ya raba, na raba hiyo hushuka taratibu kadiri mafuta yanavyopungua, ili hewa na unyevu visigusane na mafuta. Presha huzaliwa pale tu leva inapoisukuma pistoni, nayo huelekea kwenye paipu na kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Kwa hiyo uvujaji wa mfuniko au wa kidirisha huwa ni wa kutoka jasho, kwa mtikisiko na kwa kuinama kwa pikipiki, ilhali bolti ya paipu ikilegea mafuta husukumwa nje kila unapofunga breki. Kati ya hizo mbili kuna sili ya nje ya pistoni, yaani raba ya kuzuia mafuta yasitoke, ambayo ikichakaa hupitisha mafuta kuelekea kwenye leva. Tatizo ni kwamba yakishasambaa, yote hufanana, na upepo wa safari huyapeleka hadi mahali ambapo hayakutokea. Unyevu kwenye ukingo wa mfuniko hautoshi kuuhukumu mfuniko.

Osha eneo lote kwa maji mengi mfuniko ukiwa umefungwa, kisha likaushe kabisa. Funga vipande vya karatasi laini nyeupe chini ya ukingo wa mfuniko, kuzunguka kidirisha, kwenye bolti ya paipu, na pale leva inapoigusa pistoni. Ibane leva mara kadhaa, halafu ifunge kwa mpira ikiwa imebanwa na uiache usiku kucha. Asubuhi angalia ni karatasi ipi imelowa. Baada ya hapo vuta kwa upole ukingo wa raba ya kuzuia vumbi iliyo kwenye mdomo wa pistoni; ukikuta mafuta ndani yake, sili ya nje ya pistoni imechoka.

Mwendesha Pikipiki

Naunga mkono maelezo hayo, na ningependa kuongeza kuhusu silikoni, kwa sababu ushauri wa kuipaka husikika mara kwa mara na una madhara. Silikoni ya gasketi haikutengenezwa kukaa ndani ya mafuta ya breki, na inaweza kuziba njia ya hewa ya mfuniko. Kibaya zaidi, punje yake ikidondoka ndani ya kikopo inaweza kuziba tundu dogo sana lililo sakafuni, ambalo hurudisha mafuta unapoachia leva. Tundu hilo likiziba, mafuta yanayotanuka kwa joto hukosa pa kwenda, na breki hujibana yenyewe safarini.

Kukaza skrubu kupita kiasi nako hakusaidii. Mfuniko hupinda katikati ya skrubu na kuacha mwanya, na nyuzi zilizo kwenye alumini huisha upesi. Kama kweli mfuniko ndio unaovuja, fungua utazame raba yenyewe: je, imekunjamana ukingoni, imepasuka, au imevimba kwa kuguswa na petroli au oili ya injini? Mikunjo yake ikiwa imenyooka kwenda chini, irudishe juu kabla ya kufunga. Aidha, kagua pedi. Zikilika, pistoni za kalipa husogea nje na kiwango hushuka bila tone lolote kupotea, na mtu akijaza kikopo wakati huo, mafuta yatafurika siku pedi mpya zitakapowekwa.

Muulizaji

Ninawashukuru sana. Nimefanya kama mlivyoelekeza. Karatasi za mfuniko, kidirisha na bolti zilibaki kavu, lakini ile ya kwenye leva ilikuwa imelowa, na ndani ya raba ya vumbi kulikuwa na mafuta yenye rangi ya kahawia. Pedi bado ni nene. Je, nibadilishe sili peke yake?

Fundi wa Breki

Jibu liko ndani ya silinda. Baada ya kutoa pistoni, safisha tundu lake na ulitazame kwa tochi, kisha pitisha ukucha. Kama kuta ni laini, seti ya pistoni na sili mpya inatosha. Kama ukucha unakwama kwenye mikwaruzo, au unaona vishimo vya kutu nyeupe ya alumini, nunua masta silinda nzima, kwa maana sili mpya italiwa na kuta hizo hizo. Rangi ya kahawia inanifanya nidhani kwamba mafuta hayajabadilishwa kwa muda mrefu. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani: DOT 4 (DOT ni alama ya daraja la mafuta ya breki) mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinachotakiwa hushuka hadi 155, na maji hayo hayo huozesha silinda.

Unapofunga, lowesha sili kwa mafuta mapya ya breki, kamwe si kwa grisi ya kawaida wala oili ya injini, ambazo huvimbisha raba. Tumia aina iliyoandikwa kwenye mfuniko, kutoka kwenye chupa ambayo haijafunguliwa. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na nyingine, ilhali DOT 5.1, licha ya namba yake, iko katika familia moja na DOT 3 na DOT 4. Weka washa mpya za bolti ya paipu, funika tangi kwa kitambaa chenye maji, na utoe hewa yote. Kama mafuta yalifika kwenye pedi, zibadilishe, kwa kuwa kuzipangusa hakuondoi kilichokwisha kupenya ndani.

Mwendesha Pikipiki

Kwa wenye tatizo hili kwenye breki ya nyuma, ambako mara nyingi kikopo hukaa mbali na masta silinda, anzeni na mpira mfupi unaoviunganisha. Hupasuka chini ya klipu zake, mahali pasipoonekana mpaka klipu isogezwe.

Fundi wa Breki

Ni kweli. Na baada ya kazi, breki ikiwa ya mbele au ya nyuma, ibane kwa nguvu zote na uishikilie. Ikizama taratibu, kuna uvujaji, au sili ya ndani haishiki. Ukiachia, gurudumu lazima lizunguke huru. Hapo ndipo pikipiki itoke, kwanza kwa mwendo mdogo mahali pasipo na magari.