"HAMTAKI KAZI, MNATAKA HELA"?! Na chapati mdomoni!

Mnamjua. Yule bosi wa kiwanda cha Namanve, hapa Uganda, kitambi chake hufika getini robo saa kabla yake. Leo asubuhi kasimama mbele ya vibarua akatamka: "Hamtaki kazi, mnataka hela." Huku anatafuna chapati! Kwani kazi hutafutwa kwa ajili ya nini, marashi?

Kibarua kilikuwa shilingi 12,000 kwa siku, posho (ugali) na maharage juu ya kiwanda. Kaongeza 500, kafuta chakula. Sahani hapo nje ni 3,000, yaani kapunguza 2,500 na anasubiri makofi. Taksi (daladala) ya Mukono kwenda na kurudi 4,000. Toa NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 5, ambayo ni 625. Mkononi inabaki 4,875 kwa saa nane za kusimama. Anayefulia watu nguo Seeta huipata kabla ya adhuhuri, na chai anapewa.

"Hamtaki kazi." Makombo yalifika safu ya tatu, jamani.

Kisu_Butu: Uzi mrefu hivi saa nne asubuhi? Ndugu, kweli hutaki kazi 😂

Nyabo_wa_Hesabu: Bosi anatazama ujira wa kwenye daftari, kibarua anatazama unaobaki. Kila mtu ana kiwango ambacho chini yake haamki, na kinapangwa na anachoweza kupata kwingine. Tena nyongeza haivuti wote upande mmoja: mwingine huongeza saa kwa sababu kupumzika sasa kunamgharimu zaidi, mwingine alikuwa anatafuta karo tu, akiifikisha mapema anapunguza siku. Na mvua za Machi zikianza watu wanakwenda kupanda mahindi Luweero, hata uwape kreti ya soda.

Mleta_Uzi: Sawa nyabo, lakini CHAPATI. Mbele ya watu aliowafutia chakula!

Wakili_wa_Kibanda: Jumamosi kibarua akibakishwa anavuka saa 48 za wiki. Sheria ya Ajira ya 2006: saa ya ziada ni mara moja na nusu, sikukuu mara mbili. Kwa 12,500 ya saa nane, saa ya ziada ni kama 2,340. Bosi anatoa 1,000, halafu anauliza mbona geti tupu.

Kisu_Butu: Kima cha chini si kipo?

Wakili_wa_Kibanda: Kipo. 6,000 kwa MWEZI, tangu 1984. Bunge lilipitisha muswada mpya 2019, Rais hakutia saini.

Kisu_Butu: Basi bosi mkarimu, mshahara wa mwezi anaumaliza kabla ya saa sita 😂😂

Mzee_wa_Steji: Nyie mnalia na chapati. Pikipiki ya mkopo inadai kila wiki, inyeshe isinyeshe. Mkimwona mtu wa boda stejini saa sita usiku msidhani anapenda kazi. Deni ndilo linamwamsha.

Pota_Mstaafu: Afadhali pikipiki. Huku tunalipwa kwa simu bila hela ya kutolea. Ada ya kutoa, juu yake kodi asilimia 0.5 ya unachotoa. Bosi anasema "nimetuma yote".

Mzee_wa_Steji: Msitoe vipande vipande. Ada inakwenda kwa ngazi, toa mara moja.

Pota_Mstaafu: Mara moja kwa wakala yupi, mzee? Wa hapa Kireka asubuhi hana keshi, jioni hana mtandao.

Kisu_Butu: Huyo wa mwavuli wa njano? Ananidai 2,000, msimwambie niko humu.