Boti ya upepo ya kuvulia Kilifi: inalegea nikifika katikati ya maji

Mwalimu_Kilifi

Shikamooni wakubwa, na salaam kwa rika langu. Nina boti ndogo ya kujaza upepo ya mtu mmoja. Si ile ya watoto ya kuchezea hotelini. Ina maboya mawili marefu, kama futi tisa, juu yake fremu ya chuma, kiti, na makasia mawili ya aluminiamu. Nimeinunua kwa Mjerumani aliyekuwa anahama, yeye aliitumia kuvulia kwenye maziwa ya kwao. Mimi naitaka ya kuvulia samaki kama changu na kolekole wadogo, Jumamosi asubuhi, hapa kriki ya Kilifi. Nikishaizoea nataka nitoke nje kidogo mpaka mwambani.

Shida iko hivi. Naijaza uani mpaka inakuwa ngumu, pikapu inaibeba hadi ufuoni, naishusha. Haupiti muda maboya yote mawili yamelegea, la kushoto zaidi. Nikirudi nikaiacha mchangani, la kulia linakaza mpaka naogopa litapasuka. Fundi wa baiskeli anasema nimletee, atabandika kiraka kwa solusheni. Jamaa wa hadiwea anasema gundi ya mabomba ndiyo dawa. Nimsikilize nani? Tena bolti za fremu zimeanza kutu. Na huko nje ya mlango wa kriki, kwa chombo hiki kunafikika?

Kasa_Mpole

Mwalimu, iuze. Nunua mtumbwi wa mwembe. Mtumbwi ukitoboka unaziba kwa pamba na mafuta, na fundi wake yuko mtaani.

Babu_Takaungu

Marahaba, mwalimu. Kasa amesema lake, lakini mtumbwi haukunjwi ukaingia chini ya kitanda, na mwenye nyumba ya kupanga atauweka wapi? Boti yako ni nzuri kwa mahali pake. Nitaanza na upepo ulioujaza, halafu nije upepo wa Mungu, maana huo wa pili ndio ulionifanya nichukue simu niandike.

Maboya yote mawili yakilegea majini kisha la kulia likakaza juani, hiyo si pancha. Hewa uliyoijaza uani jua likiwa limeshawaka ni ya moto, ikigusana na maji inapoa na kunywea. Nyumbani jaza kiasi tu. Ishushe, iache ielee kama dakika kumi, halafu ongeza pampu ukiwa umesimama kwenye maji ya magoti. Ukitoka majini fungua valvu zipumue kidogo kabla hujaiacha mchangani, na usiache kuitafutia kivuli. Jua la huku linakausha plastiki mpaka inakuwa ngumu na kupasuka kwenye mikunjo.

Sasa hilo la kushoto kumzidi mwenzake, hapo pana kitu kinavuja. Usikimbilie kiraka. Anza na valvu: ifungue, ipulize, ipanguse mdomo kwa kitambaa kibichi. Chembe moja ya mchanga inatosha kuizuia isifunge. Ikiwa bado, koroga sabuni ya kufulia, paka kwa brashi ya rangi kuanzia kwenye valvu, kisha mishono, kisha tumbo la chini. Panapovuja patavimba povu lenyewe.

Haya, upepo wa nje. Asubuhi huku kwetu unavuma umande, unatoka bara kwenda baharini. Mwenye mtumbwi haujali sana kwa sababu mtumbwi una tumbo ndani ya maji. Yako imekaa juu juu, haina mkuku wa kushika maji chini, na wewe umekaa juu ya kiti na kifua kimeinuka. Tanga ni wewe mwenyewe. Ongeza na maji: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani hii maji hujaa kwenye alfajiri na kupwa kabisa saa nne, saa tano asubuhi. Kwa hiyo ile Jumamosi yako ya asubuhi, kriki nzima inajimwaga baharini kupitia mlango ule mwembamba, na umande unakusukuma huko huko. Maji yanayopanda na kushuka zaidi ya mita 3 hayabishaniki kwa vikasia vile. Utakuwa unapiga kasia huku nguzo za daraja la Kilifi zinakwenda mbali nawe.

Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume chake. Asubuhi hiyo maji yanajaa, tena polepole, kilele chake ni kama saa nne au tano, na yanakuchukua kuelekea ndani kwenye mikoko. Umande ukikutoa, maji yanakurudisha. Hizo ndizo Jumamosi zako. Tazama mwezi kwanza ndipo utafute pampu.

Nje ya mlango, kwa chombo hicho, mimi nasema hapana. Msimu wa upepo wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, utaona kama bwawa na roho itakutamanisha. Usiende.

Mengine ya haraka. Usiegeshe kwenye mizizi ya mikoko. Chaza walioganda pale wana makali, na maji yakipwa boti inawakalia kwa uzito wote. Ukipata tafi, mtie kwenye ndoo moja kwa moja, ile miiba ya mgongoni inatoboa na kidole kinauma siku nzima. Nanga isifungwe ubavuni hata siku moja: mkondo ukiwa na nguvu unalizamisha boya la upande ule, na boti inapinduka. Ifunge nyuma, kwa fundo la kuvuta likafunguka, na kisu kiwe karibu, chenye ncha butu. Jaketi ya kuokoa maisha uivae, isiwe ya kukalia. Na kabla hujashusha, pita kwa watu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, hapo bandarini uwaambie unaelekea upande gani na utarudi saa ngapi. Ndio hao watakaotoka kukutafuta.

Ah, na usije ukaipakia kwenda nayo Watamu ukaishusha ndani ya parki. Ile ni hifadhi tangu 1968, humo huvui hata changu mmoja. Askari wa KWS, shirika la wanyamapori, hawana mchezo.

MamaZuhra_Minnesota

Babu, shikamoo. Mwanao wa Mtwapa niko huku Minnesota, na boti za namna hiyo ndizo tunazovulia maziwani wakati wa kiangazi, kabla barafu haijarudi. Niongeze la gundi tu.

Mwalimu, angalia kama maboya yako yana zipu. Zikiwepo, lile gumu la nje ni ganda tu, hewa inakaa kwenye tyubu ya ndani kama ya mpira wa miguu. Yangu iko hivyo. Ukipaka sabuni juu ya ganda utaona povu mahali ambapo hapana tundu, kwa sababu hewa inatembea katikati na kutokea kwenye mshono au zipu. Toa tyubu, ijaze kidogo peke yake, izamishe kwenye beseni kipande kwa kipande. Mara nyingi utakuta imevuja pale ilipojikunja au kujisokota ndani ya ganda. Ukiirudisha, inyooshe kwa mkono, ipe hewa kidogo, ipapase, ndipo ujaze.

Solusheni ya baiskeli ni ya mpira. Kwenye plastiki inashika siku mbili halafu kiraka kinanyanyuka pembeni. Gundi ya mabomba ndiyo mbaya zaidi, inakauka ngumu kama bomba lenyewe, na boya likijikunja inapasuka na kuacha tundu kubwa kuliko la kwanza. Tafuta gundi ya PVC ya maboti, ile inayobaki laini. Wanaotengeneza maturubai ya malori na maboti ya hoteli wanayo. Lakini tyubu ya ndani huwa ya plastiki ya aina nyingine, kwa hiyo soma kilichoandikwa karibu na valvu kabla hujanunua. Safisha kwa spiriti, kata kiraka cha duara (kona ndizo huanza kubanduka), paka nyembamba pande zote mbili, subiri inate kidoleni, kisha kandamiza kwa chupa kutoka katikati kwenda nje. Iache mpaka kesho yake. Najua utataka kuijaribu jioni ile ile.

Bolti: maji baridi, yasiyo ya chumvi, kila ukitoka baharini, hata ndoo moja, halafu grisi. Zipu sugua kwa mshumaa. Na ukihifadhi, isibanwe sana, iwe kavu kabisa, na iwe mbali na panya. Huku kwetu panya waliingia kwenye banda la jirani wakamtoboa tyubu zote mbili.

Mwalimu_Kilifi

Marahaba ya wote naipokea kwa niaba ya boti. Zipu zipo, sikuwa nimezijali. Nimetoa tyubu ya kushoto, nikaizamisha kwenye karai la kufulia, mke wangu akashika upande mmoja. Tumbo lote safi. Povu dogo dogo linatoka kwenye shingo ya valvu, pale inapoungana na tyubu. Kifuniko chenyewe kinafunga vizuri. Kandokando yake pameandikwa PVC. Babu, nimetazama kalenda: Jumamosi hii mwezi ni mpevu.

Babu_Takaungu

Basi Jumamosi hii bandika kiraka, ile nyingine ndiyo uvue. Shingo ya valvu usiipake gundi juu juu: kata kiraka chenye tundu katikati, kipitishe kwenye valvu kama kola ya shati. Ikikauka ijaze kidogo uilaze usiku kucha ndani ya nyumba. Ikiamka ngumu, niambie nije na chambo.